Mkono wa mwisho kwenye koki

Tulikuwa tunapiga mbizi kwa mitungi ya hewa, mita 22 chini ya maji, eneo liitwalo Kichwani, pale kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, mkondo unatusukuma polepole kando ya mteremko wa matumbawe. Dada mmoja, mgeni wetu, aliyekuwa ubavuni mwangu akainua geji yake, kile kipimo cha shinikizo la hewa ya mtungi, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Nikamsogelea. Mshale ulikuwa kwenye baa 140. Akavuta pumzi, ukaporomoka hadi chini ya 50. Akatoa pumzi, ukapanda taratibu mpaka 140 ileile. Akavuta tena, ukaporomoka tena. Mtungi una hewa ya kutosha nusu saa nyingine, na aliyeubeba anakosa pumzi.

Hakukata shingo kwa kiganja, ile ishara ya kuishiwa hewa. Alininyooshea geji tu. Baadaye alinieleza kwamba kwa dakika mbili tatu alihisi kama ananyonya dafu kwa mrija uliobanwa na vidole, na alidhani ni woga wake mwenyewe, kwa hiyo alijilazimisha kutulia. Kutulia huko ndiko kulikompa muda, kwa sababu aliyetulia huvuta hewa kidogo. Angeanza kupiga mapezi kwa nguvu, zile dakika zingekuwa sekunde.

Nilimpa kipumulio changu cha akiba, kile cha mpira wa njano, nikasubiri avute mara mbili na macho yake yalegee. Hapo tu ndipo nilipopeleka mkono nyuma ya kichwa chake kwenye koki ya mtungi. Mpangilio huo nimeulizwa na wengi: kwa nini hukuanza na koki, ilhali tatizo lilikuwa linaonekana? Kwa sababu chini ya maji, ukiwa ubavuni au mbele ya mtu, ni rahisi mno kuzungusha koki upande usio wake. Ningekosea kwa nusu mzunguko, ningemfungia kile kidogo alichokuwa anapata. Kwanza apumue, ndipo mambo ya vyuma yafuate.

Koki ilizunguka. Ikaendelea kuzunguka. Mizunguko miwili na zaidi ya nusu kabla haijagota. Nikamwonyesha geji yake, nikabonyeza kitufe cha kipumulio chake hewa itoke kwa nguvu, na mshale haukutikisika. Hata hivyo sikumrudisha kwenye mtungi wake papo hapo. Sikuwa na hakika bado kama koki ndiyo peke yake. Kichujio kidogo kilichoko mlangoni mwa regileta, kile kifaa kinachofungwa kwenye mtungi kupunguza shinikizo la hewa ipate kuvutika, kikiziba kwa kutu au chumvi, mshale hucheza vilevile. Nikamshika mkanda wa jaketi lake la kujazwa hewa, lile linalobeba mtungi, nikamwita mwenzake, tukapanda watatu kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu, tukatoka. Hakuna aliyeumia.

Ningeweza kuishia hapo nikamshukuru Mungu. Lakini mtungi ule niliufunga kwa mikono yangu, na nilipoufunga koki ilikuwa wazi. Nilitaka kujua nani aliifunga, na kwa nini sisi sote tulioizunguka hatukuona.

Turudi asubuhi. Mwezi wa pili, kaskazi imetulia, maji yamekupwa, kwa hiyo vifaa tulivibeba mabegani kutoka ufukwe wa Muyuni hadi boti ilipoelea. Wageni wawili tu, wote wa Dar es Salaam, marafiki. Dada ana cheti cha pili, kile kinachomruhusu kufika mita 30, na alishazamia mara ishirini na kitu. Si mwanafunzi, na wala si mzoefu.

Mtungi wenyewe ulikuwa hauna lawama. Alumini, lita 11, ule ambao sehemu nyingi duniani ndio wa kawaida kwenye boti za wageni. Tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji imegongwa begani na miaka mitano haijapita. Ukaguzi wa ndani wa mwaka ule umefanyika. Nilifungua koki kidogo kabla ya kufunga regileta, hewa ikapiga mlio na kurusha vitone vya maji vilivyokuwa vimekaa mdomoni mwa valvu, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na koki. Tone moja likisukumwa ndani ya regileta linaanza kutu. Nilinusa ile hewa. Haikuwa na harufu ya mafuta wala moshi. (Harufu si kipimo cha kila kitu, maana gesi ya kaboni monoksidi yenyewe hainuki, lakini moshi wa injini ulioingia kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi, mara nyingi huja na ndugu zake wanaonuka.) Oringi, ule mpira wa duara unaozuia hewa kuvuja, ilikuwa nzima. Nilikaza skrubu ya regileta kwa vidole tu, nikageuza kioo cha geji upande usio na uso wa mtu, nikafungua koki polepole. Baa 200. Hakuna kuvuja.

Nilifungua mpaka mwisho, kisha nikarudisha robo mzunguko. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nimefanya hivyo kwa miaka. Mtaniona narudi kwenye hiyo robo.

Kisha nililaza mtungi. Sipendi kabisa kuona mtungi umesimama wenyewe botini. Kilo 14 za mtungi mtupu, ongeza hewa na regileta, ukianguka unaangukia valvu au mguu wa mtu.

Tulipofika Mnemba kulikuwa na wimbi dogo na boti zilikuwa nyingi, kama siku zote msimu huo. Dada akavaa akiwa ameketi ukingoni, mgongo baharini, tayari kujitupa kinyumenyume. Tukakaguana: jaketi linajaa hewa na kuitoa, mkanda wa vipande vya risasi vya kuongeza uzito umekaa, vifungo vimefungwa, hewa. Akavuta pumzi mbili, akasema, “Iko sawa.” Akaangalia geji: 200. Mimi nikageuka kumsaidia mwenzake.

Hapo ndipo kijana wetu wa botini, kijana mwangalifu kuliko wengi niliofanya nao kazi, alipofanya kile anachofanya kwa kila mgeni kabla hajaingia majini. Alipitisha mkono juu ya bega la dada, akashika koki kuhakikisha imefunguliwa. Akaiona inazunguka. Akazungusha mpaka ikagota, kisha akarudisha kidogo, kama anavyoniona mimi nikifanya. Dada akajitupa.

Jioni, ufukweni, nilimwita. Sikumwambia kilichotokea kwa maneno ya kumshtaki. Alishajua, na alikuwa hajala tangu mchana. Nikasimamisha mtungi uleule mbele yake, jaketi na regileta juu yake, nikaushika mimi kwa pembeni.

“Mdogo wangu, nioneshe unavyofungua.”

Akaenda nyuma ya mtungi, akashika koki, akavuta sehemu ya juu kuja kwake. Koki ikafunguka. Sawa kabisa.

Kisha nikauvaa, nikaketi kwenye ukingo wa ngalawa iliyokuwa imepandishwa mchangani, mgongo nje, kama dada alivyoketi. “Nihakikishie.”

Akaja mbele yangu, akapitisha mkono juu ya bega langu la kulia, akashika koki, akavuta sehemu ya juu kuja kwake.

Mkono wake ulisimama katikati. “Kaka,” akasema. Hakuongeza neno.

Mtu aliyevaa mtungi wa kawaida, koki yake hutokeza upande wake wa kulia. Ukiwa nyuma yake, kufungua ni kuvuta juu ya koki kuja kwako. Ukiwa mbele yake, kuvuta kulekule kuja kwako ni kufunga. Mkono unafanya kitu kilekile, mwili umehama upande. Na mgeni anapoketi ukingoni mgongo baharini, hakuna nafasi ya kusimama nyuma yake. Nyuma yake ni maji. Kila anayemsaidia pale yuko mbele.

Maneno “vuta kuja kwako” kijana hakuyaokota njiani. Ni mimi niliyempa, siku yake ya kwanza, tukiwa ghalani, mitungi imepangwa ukutani na sisi tumesimama nyuma yake. Nilidhani namrahisishia. Nilimfundisha kanuni iliyo kweli mahali pamoja tu, kisha nikampeleka akaitumie mahali pengine. Nililala vibaya usiku ule, na nadhani nilistahili.

Lakini hata kosa la upande lisingemfikisha dada mita 22 peke yake. Koki ikifungwa kabisa mtu hugundua mapema: mipira inayopeleka hewa mdomoni ina hewa ya pumzi mbili tatu tu, mshale unashuka sifuri, na yeye bado yuko juu ya maji au mita chache chini. Kilichofanya kosa lijifiche ni ile robo. Kijana alifunga mpaka mwisho, kisha akarudisha kidogo, na kule “kurudisha” kukawa kufungua kidogo. Mtungi ukabaki na mwanya mwembamba.

Mwanya huo unadanganya kwa namna ambayo ni lazima mtu aielewe vizuri. Fikiria nyumba ambayo bomba la mtaani limefunguliwa kidogo tu. Ukifunga mabomba yote ya ndani, maji hujaa mpaka presha ikawa sawasawa, na ukipima utaona hakuna tatizo. Fungua bafuni na jikoni pamoja, ndipo maji yanachuruzika. Geji ya mpiga mbizi iko ndani ya nyumba. Mtu asipovuta hewa, mipira hujaa taratibu kupitia ule mwanya hadi mshale unasoma 200, na 200 hiyo ni kweli. Haisemi chochote kuhusu upana wa mlango.

Juu ya maji, mtu aliyeketi huvuta labda lita 15 za hewa kwa dakika. Mwanya ule unatosha. Mita 22 chini, shinikizo ni mara 3.2 ya lile la juu, na kila pumzi inabeba hewa mara 3.2 kwa wingi: zile 15 zimekuwa 48. Ongeza kuogelea kidogo kukata mkondo, pumzi ikaongezeka maradufu, unakaribia 100. Na huku mahitaji yakipanda, mlango nao unazidi kutoa kidogo, kwa kuwa hewa inayopenya tundu dogo namna ile hupungua kadiri shinikizo la mtungi linavyoshuka. Ukifika baa 100 inapita kama nusu ya ile iliyopita ukiwa na 200. Kwa hiyo hitilafu ambayo ukingoni haionekani inakua yenyewe kila mita na kila dakika, mpaka regileta inakosa shinikizo la kufanyia kazi na pumzi inakaza. Inachagua kukukamata ukiwa mbali zaidi na juu.

Jioni ile tuliijaribu, mimi na kijana. Tukafunga koki, tukarudisha kidogo kama alivyofanya. Geji: karibu 140, imetulia tuli. Nikavuta pumzi moja ya kawaida bila kutazama, nisingejua lolote. Nikavuta nikiwa nimekazia macho mshale: ukacheza, kidogo, kama sindano ya saa inayotaka kuruka. Nikabonyeza vitufe vya vipumulio vyote viwili pamoja, mshale ukaanguka moja kwa moja. Kijana akarudia mara tatu, hataki kuamini kwamba kitu kilichotukwepa asubuhi kilikuwa kinaonekana wazi namna ile kwa yeyote aliyetazama.

Dada alivuta pumzi, na aliangalia geji. Ila alifanya kimoja baada ya kingine. Tena alifanya kabla ya mkono wa mwisho.

Kuhusu ile robo, wapo watakaonikatalia. Ilikuwa na sababu zake zamani: koki nyingi za viwandani na za maji zikiachwa zimegota wazi zilikuwa zinakwama, na anayekuja baadaye, akikuta haizunguki, hajui kama imekwama wazi au imefungwa, akatumia nguvu akaharibu. Ukirudisha kidogo, inacheza, unajua. Mashirika kadhaa ya mafunzo yaliipokea na kuifundisha kwa miaka mingi. Valvu za mitungi za leo haziihitaji, na DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, unashauri koki ifunguliwe yote. Mimi sasa nasema hivyo bila kusita. Koki iwe imefunguka yote au imefungwa yote. Asubuhi ile, kama ningeiacha imegota wazi, bado kijana angevuta kuja kwake na kufunga, ni kweli. Lakini kama mkono wake usingekuwa na mazoea ya kurudisha, ingebaki imefungwa kabisa, na dada angepiga kelele akiwa anaelea juu, mkono wangu ukiwa karibu.

Baada ya siku ile tulibadilisha mambo machache, na nitasema yale tu yaliyodumu. Maneno “kuja kwako” tumeyaacha kabisa. Hayafai hata kwa mitungi pacha: koki ya kushoto hutokeza upande wa pili, na kuifungua ni kuviringisha juu yake kwenda mbele. Anayetaka kujua upande, aende akaitazame koki usoni, aizungushe kinyume cha mshale wa saa, basi. Aliyevaa mtungi mmoja apeleke mkono wake wa kulia nyuma aiviringishe juu yake kurudi mgongoni. Kila mgeni tunamfanyisha hilo ghalani kabla ya boti, na wengi wanashangaa kwamba wanaifikia. Wasioifikia tunawapandishia mtungi kidogo kwenye mkanda.

La pili ni pumzi. Pumzi nne, ndefu, kipumulio mdomoni, geji mbele ya macho muda wote, halafu mbili kwenye kile cha akiba. Mshale usimame kama umechorwa. Ukicheza, koki kwanza. Koki ikiwa wazi na bado unacheza, ni kichujio au uchafu kwenye valvu, na mtungi na regileta hiyo havizamishwi leo. Pumzi ikiwa nzito lakini mshale hausogei, ugonjwa uko kwenye regileta yenyewe. Mshale ukikataa kushuka hata baada ya dakika kumi na tano chini, geji imekufa na hujui una hewa kiasi gani.

Na mtu yeyote akigusa koki baada ya hapo, hata mimi, hata kwa nia njema kiasi gani, zile pumzi nne zinaanza upya. Hili ndilo lililokuwa gumu. Siku yenye wageni wanane na wimbi likipiga ubavu, nahodha anataka boti isogee, mtu anapitisha mkono kwa mazoea na hakumbuki kwamba amegusa. Nimesikia ubishi wa kila namna. Wengine wamenunua koki zenye rangi, kijani ikionekana imefunguka yote na nyekundu vinginevyo. Ni nzuri, nazo zimewasaidia, lakini rangi iko nyuma ya kichwa cha aliyevaa na chumvi huila. Mshale uko mkononi mwake.

Kesho yake dada alirudi. Sikutarajia, na nilimwambia wazi kwamba asilazimike. Akasema anataka kuuona tena ule mteremko akiwa anapumua. Akaketi ukingoni mgongo baharini, mahali palepale. Kijana akasimama mbele yake, viganja vimefumbatwa kifuani.

“Dada, nivutie nne. Naangalia nawe.”

Wakainamia geji wote wawili, vichwa karibu kugusana. Pumzi ya kwanza, 190. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, 190. Kisha akabadilisha kipumulio, akavuta mbili za akiba, na kijana akasogea nyuma kumpisha.